Tezi Zilizotii Kupita Kiasi

Kwenye chumba cha kusafisha damu watu hawazungumzii figo. Nilipohamishiwa huko kutoka wodi ya wazazi nilidhani nitasikia habari za figo asubuhi hadi jioni. Wapi! Wanazungumzia maji: nani kaongezeka kilo ngapi tangu alipotoka, nani kanywa kikombe kisichomhusu. Wanazungumzia nauli, bima, na foleni ya Mbagala. Ukikaa nao muda wa kutosha, hasa zamu ya jioni, wakati kila mtu amechoka na televisheni inaonyesha tamthilia ya Kituruki, utasikia mambo mawili yakirudi kila mara: kuwashwa na magoti.

Kuwashwa kwenyewe si kule kwa upele. Ngozi haina kitu, lakini mtu anajikuna mpaka anachubuka, na usiku ndiyo mbaya zaidi. Nilikuwa na mama mmoja aliyekuja na kitana kwenye mkoba, cha kujikunia mgongo, wala hakuwa na aibu nacho. Magoti nayo ni jina la jumla tu. Ukidadisi utaambiwa nyonga, kiuno, visigino, mbavu. Haya husemwa baina ya vitanda, mgonjwa kwa mgonjwa. Daktari akipita na kuuliza "Unaendeleaje?" jibu ni "Namshukuru Mungu," kwa sababu daktari ana presha, uzito, fistula (ule mshipa wa mkononi unaounganishwa na mashine) na wingi wa damu wa kuangalia, na nani anataka kuonekana mlalamishi?

Miongoni mwao alikuwamo mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, aliyewahi kuendesha mabasi ya Mbeya. Presha ambayo hakujua kama anayo ndiyo iliyomaliza figo zake. Wenzake walimwita Dereva, nami nikafuata. Alikuwa kwenye mashine kwa miaka mingi kuliko wote pale, na kila akiingia alinisalimu kwa utani wake: "Sista, gari inatoka saa ngapi leo?" Siku moja baada ya kumtoa kwenye mashine nilimwona anavyoshuka kitini. Alishika paja kwa mikono miwili, akaunyanyua mguu, akautua chini. Kisha ukafuata wa pili.

"Mzee, mguu umefanyaje?"

"Utu uzima, Sista. Hata daladala sasa makondakta wananishika kwapa. Ngazi zimenishinda."

Mtu aliyekula mkate wake kwa kupanda na kushuka ngazi za basi, ngazi zimemshinda. Nyumbani walishapata majibu yao. Mkewe alisema ni baridi yabisi. Shemeji yake alisema ni mkono wa mtu. Hata hivyo shemeji huyo huyo ndiye aliyeleta tiba: maziwa asubuhi na jioni, supu ya kongoro, na dagaa wale wanaoliwa na mifupa yake, ili mifupa ya mgonjwa ipate nguvu. Hoja yake haikuwa na kasoro hata kidogo. Mtu mwenye figo nzima ningemshauri vivyo hivyo.

Chanzo cha yale mapaja kilikuwa shingoni.

Nyuma ya tezi ya koo, ile ambayo ikivimba tunaiita goita, kuna tezi nyingine nne, kila moja karibu na ukubwa wa punje ya mchele. Zinaitwa tezi za parathiroidi. Ni miongoni mwa viungo vya mwisho kabisa kugunduliwa katika mwili wa binadamu: mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Sweden, aitwaye Ivar Sandström, alizieleza mwaka 1880. Kabla yake, Richard Owen wa London alikuwa ameziona kwa kifaru wa India aliyefia kwenye bustani ya wanyama. Wagonjwa huwa nawasimulia habari ya kifaru. Inawachekesha, na mtu akishacheka husikiliza.

Tezi hizi zinachunga kalsiamu ya damu. Ikishuka kidogo tu, zinamwaga homoni, na homoni hiyo hubeba amri tatu. Mifupa itoe kalsiamu. Figo zizuie kalsiamu isipotee na zitupe fosforasi. Figo hizo hizo ziamshe vitamini D, ili utumbo ufyonze kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula. Sasa hesabu mwenyewe: katika amri tatu, mbili zinapelekwa kwenye figo, na figo zimekufa. Fosforasi inalundikana, vitamini D inabaki imelala, kalsiamu haipandi, na tezi, ambazo hazina njia ya kujua kwamba upande wa pili hakuna wa kupokea, zinazidi kuamuru. Anayebaki kuitikia ni mfupa peke yake. Unatoa, unatoa, mwaka baada ya mwaka. Kalsiamu na fosforasi zinazozurura kwenye damu huenda kujibandika pasipo pake, kwenye kuta za mishipa na kwenye vali za moyo. Nyama za mapaja zinalegea. Damu inagoma kuongezeka hata ukichoma sindano za kuiongeza. Na mtu anawashwa.

Ndiyo maana sipendi kusikia ikisemwa kwamba tezi zimeharibika. Miaka ya mwanzo zinatii tu, zinatii kupita kiasi, na matibabu yote ya hatua hiyo ni kuziondolea sababu ya kuhangaika. Lakini tezi isiyopumzishwa hukua. Chembe zake huzaliana, hutengeneza vinundu, na hufika mahali ambapo hata kalsiamu ikipanda haisikii tena. Hapo vidonge vinaishiwa nguvu na kisu kinaanza kutajwa. Kati ya utii na ukaidi huo kuna miaka kadhaa ambayo mgonjwa angeweza kutibiwa kwa vitu vidogo vidogo.

Kipimo chake kipo. Ni damu kidogo kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, inahifadhiwa kwenye ubaridi, inapelekwa maabara. Kwa mtu mzima mwenye afya homoni hiyo huwa kati ya pikogramu 15 na 65 hivi kwa mililita. Kwa anayesafishwa damu, mwongozo wa kimataifa wa KDIGO unaruhusu mara mbili hadi mara tisa ya kile kikomo cha juu, yaani takriban 130 hadi 600. Waliponieleza mara ya kwanza nilishangaa: kwa nini tusiishushe mpaka pa kawaida? Kumbe mfupa wa mgonjwa wa figo ni mzito wa kusikia, unahitaji homoni zaidi ili uendelee kujibomoa na kujijenga. Ukiishusha mno, mfupa unalala, na mfupa uliolala huvunjika kirahisi vilevile. Tena jibu moja halitoshi kuamulia jambo. Kinachoangaliwa ni mwelekeo, kipimo hiki na kile kilichopita, pamoja na kalsiamu na fosforasi zake.

Pale nilipokuwa, kipimo hiki kililipiwa kando, na kinacholipiwa kando huahirishwa. "Mwezi ujao, Sista." Dereva alikuwa amekiahirisha kwa muda mrefu. Mkewe alipouza kitenge na kulipia, jibu lilipita 2000. Picha ya vidole vyake ilionyesha kingo za mifupa zimeliwa.

Nirudi kwenye vitu vidogo vidogo, maana huko ndiko muda wangu mwingi ulikwenda, na ndiko ninakokuamini zaidi.

Watu wengi hudhani mashine inaondoa kila kitu. Kwa fosforasi, hapana. Kusafishwa mara moja kwa muda wa saa nne huondoa karibu miligramu 800. Mara tatu kwa wiki ni 2400. Chakula cha kawaida cha mtu mzima kina miligramu 1000 hivi kwa siku, na hata utumbo ukifyonza sehemu tu ya hizo, kwa wiki zinapita 4000. Sasa mfikirie anayesafishwa mara mbili kwa wiki kwa sababu fedha au bima imeishia hapo. Huyo hata aishi kwa nidhamu ya mtawa, hesabu haimkubali. Ziada hiyo inabidi ikamatwe tumboni kabla haijaingia kwenye damu, na ndiyo kazi ya vidonge vya kukamata fosforasi.

Na hapa ndipo nilipoona dawa nzuri zikitupwa bure. Vidonge hivi vimeandikwa kwenye cheti "mara tatu kwa siku", na Mtanzania akisoma mara tatu kwa siku anaelewa asubuhi, mchana, usiku, saa mbili mpaka saa mbili, awe amekula au hajala. Kidonge kinachomezwa tumbo likiwa tupu hakina fosforasi ya kukamata. Kinatakiwa kiingie na tonge. Mgonjwa wangu mmoja, fundi cherehani, chakula chake cha haja kilikuwa kimoja, saa kumi alasiri, baada ya hapo ni chai tu; alikuwa akimeza kidonge na chai asubuhi, kidonge na chai usiku, na kimoja tu ndicho kilichokutana na wali na samaki. Daktari alimhamishia karibu vyote kwenye saa kumi. Fosforasi ilishuka bila kuongezwa hata kidonge kimoja. Tangu hapo nikawa simuulizi mtu kama anameza dawa. Namuuliza jana alikula nini, wapi, saa ngapi, na vidonge vilikuwa wapi wakati huo. Mara nyingi vilikuwa nyumbani kwenye kabati, naye alikuwa kwa mama lishe Kariakoo.

Vidonge vyenyewe vina historia. Zamani ilikuwa aluminiamu haidroksaidi, dawa ile ile ya kiungulia, mpaka ikajulikana kwamba aluminiamu inabaki mwilini, inaharibu ubongo na mifupa. Ikafuata kalsiamu kaboneti, ambayo ni rahisi na ndiyo wengi wetu tunayo, lakini ikizidi inaongeza kalsiamu ile ile inayokwenda kugandamana kwenye mishipa. Baadaye ikaja sevelama, isiyo na kalsiamu wala aluminiamu, na bei yake ikaja nayo.

Kwa chakula, orodha za makatazo zimenichosha. Nimeziona zimebandikwa ukutani: maharage hapana, karanga hapana, dagaa hapana, maziwa hapana, nyama kidogo, na mwisho wake mtu anaulizia kama kuna kilichobaki zaidi ya hewa. Fosforasi ya mimea imefungwa, utumbo wa binadamu unapata sehemu yake tu. Ile inayotiwa viwandani, kwenye soseji, kwenye nyama zilizosindikwa, kwenye soda nyeusi, inaingia karibu yote. Nimeona mtu aliyenyimwa maharage na familia yake akiletewa soda nyeusi na soseji ya kukaanga kama zawadi ya kumfariji, pale pale kwenye kiti chake. Bora angekula maharage, yaliyolowekwa na kuchemshwa maji yakamwagwa. Nyama nayo ukiichemsha, sehemu ya fosforasi inahamia kwenye mchuzi. Kula nyama, acha supu. Shemeji wa Dereva aliposikia hili la supu alinitazama kama nimemtukana mama yake.

Kuna dawa za kuziongelesha tezi zenyewe. Alfakalsidoli ni vitamini D iliyokwisha kutayarishwa nusu njia, inaruka kazi ambayo figo zingefanya. Kidonge chake ni kidogo, lakini kinavuta kalsiamu na fosforasi zote mbili kutoka tumboni, kwa hiyo akipewa mtu ambaye fosforasi yake iko juu bado, ni kumwongezea mzigo. Nyingine ni sinakalseti. Mwaka 1993 watafiti wa Boston waliitambua protini ambayo tezi huitumia kuonja kalsiamu ya damu, na mwaka 2004 Marekani ikaidhinisha kidonge kinachoigusa protini hiyo na kuifanya tezi iamini kalsiamu ni nyingi kuliko ilivyo. Nakiri inanifurahisha, dawa inayofanya kazi kwa kudanganya. Dereva aliipata kupitia mpwa wake aliye nje. Ilimtapisha, alivumilia, homoni ikaanza kushuka, kisha mpwa akahama kazi na vidonge vikakata. Matibabu ya maisha hayawezi kuning'inia kwenye begi la msafiri.

Basi likabaki la kisu.

Daktari wa upasuaji aliketi naye muda mrefu, na mimi nilikuwepo. Alimweleza kuna njia mbili: kuondoa tezi tatu na nusu na kuacha nusu shingoni, au kuondoa zote nne na kupandikiza vipande vya mojawapo kwenye mkono, mkono usio na fistula, ili zikija kukua tena zifuatwe hapo bila kurudi shingoni. Kwa kawaida haziondolewi zote bila kubakiza kitu; mtu bila homoni hii kabisa ana taabu yake nyingine. Alimweleza pia kwamba wapo watu wenye tezi ya tano, na wapo ambao moja imejificha chini kifuani. Nahodha wa meli wa Kimarekani, Charles Martell, ambaye ugonjwa wake haukuanzia kwenye figo bali kwenye tezi yenyewe, alipasuliwa mara saba. Ile iliyomsumbua ilipatikana mara ya saba, mwaka 1932, kifuani, na wiki chache baadaye akafariki. Siku hizi zipo picha za kutafutia kabla.

Dereva alisikiliza yote, akauliza moja tu: "Na sauti?" Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita jirani kabisa na tezi hizo, na ukiguswa mtu hubaki na mkwaruzo. "Mimi nilianza kwa ukondakta, daktari. Sauti ndiyo iliyonilea." Aliahidiwa uangalifu, hakuahidiwa zaidi ya hapo, na akatia sahihi.

Upasuaji ulikwenda vizuri, sauti ikatoka nzima. Ndugu walipiga makofi kwenye korido. Mimi na muuguzi wa wodi hatukupiga, kwa sababu kwa mgonjwa wa namna hii hatari huanza baada ya theata. Mifupa iliyonyonywa kwa miaka, siku homoni inapoondolewa, inaanza kujirudishia kila ilichotoa, kwa pupa. Madaktari huiita hali hiyo mifupa yenye njaa. Kalsiamu ya damu inaporomoka. Jioni hiyo hiyo Dereva alisema midomo imekufa ganzi na vidole vinachomachoma. Ukimgonga shavuni mbele ya sikio, pembe ya mdomo inaruka. Kalsiamu iliyopaswa kuwa juu ya 2.1 ilishuka mpaka 1.6. Dripu ya kalsiamu glukoneti ikapita kwenye mshipa mzuri, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Damu ikapimwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Moyo ukafuatiliwa kwenye mashine. Maji ya kusafishia damu yakabadilishwa, yakawekwa yenye kalsiamu zaidi. Maabara ambayo haifanyi kazi usiku haifai kwa upasuaji huu, hata kama daktari ana mikono ya dhahabu. Hilo nitalisema popote.

Na sasa sheria zote zikageuka. Kile kidonge cha kalsiamu kaboneti nilichokuwa nimemhubiria ale na tonge, sasa kilitakiwa kimezwe katikati ya mlo na mlo, ili kalsiamu iingie kwenye damu badala ya kukamata fosforasi tumboni. Fosforasi nayo ilishuka, mifupa ikiibeba. Mtaalamu wa lishe akapita, akasoma majibu, akaandika: maziwa ruksa, dagaa ruksa, kwa sasa. Shemeji alikuwepo. Hakusema neno. Kesho yake alifika na chupa ya maziwa na hotpoti ya dagaa wa nazi, akaviweka mezani taratibu sana, akanitazama.

"Shemeji alijua tangu zamani," Dereva akasema. "Aliwahi tu kufika kituoni."

Kuwashwa kuliisha kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Mapaja yalichukua miezi. Baadaye mifupa iliposhiba, kalsiamu ilitulia, sheria za zamani zikarudi mahali pake: vidonge na tonge, dagaa kwa mizani, kipimo cha homoni kila baada ya miezi michache, kwa sababu nusu iliyoachwa shingoni ilikuwa bado kwenye mwili ule ule usio na figo, na inaweza kufanya yale yale ya wenzake. Dereva alikuwa akiulizia kupandikizwa figo. Tangu Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza nchini, Novemba 2017, wengi huulizia, na huwa tunawaeleza kwamba hata figo mpya haizitulizi tezi zilizokwisha kuwa kaidi. Afadhali ziangaliwe kabla.

Nimemsimulia Dereva kwa kirefu kwa sababu ana kisa. Wale waliotibiwa mapema hawana. Kuna binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alianza kusafishwa damu akiwa na homoni iliyopanda kiasi tu. Alipimwa, akafundishwa vidonge, akapewa alfakalsidoli fosforasi iliposhuka, akapimwa tena. Hajawahi kulazwa kwa sababu ya mifupa. Ngazi za shule anapanda. Juzi alinipigia simu.

"Shikamoo Sista. Jumamosi tuna harusi Bagamoyo, ya binamu yangu. Kutakuwa na pilau, biriani, kuku, kila kitu."

"Marahaba. Daktari si alishakwambia mlo mzito uongeze vidonge?"

"Alisema. Nimeweka viwili kwenye pochi."

"Viwili kwa harusi ya Bagamoyo? Weka vitatu. Na soda nyeusi waachie wenyewe."